Kitu cha Khalfani

Kasingirima, Ujiji
14 Julai 2002

Mjomba wangu Khalfani,

Shikamoo. Huku tupo, mafua tu na vumbi la kiangazi. Mama yako, Bibi Mwanakombo, hajambo: anakula vizuri na kugomba vizuri zaidi. Mama yangu anasema umemsahau dada yako, hata salamu humpi kwa jina lake. Baba naye anakusalimu, lakini ameniagiza niandike kwamba ni salamu za nusu, nusu nyingine utaipata jambo la kompyuta likiisha.

Na jambo lenyewe ndilo hili. Mjomba, zawadi yako imeniponza.

Ile prosesa, ubongo wa mashine, uliyoing'oa kwenye kompyuta mbovu waliyokupa wahisani huko kambini imefika salama. Selestini aliileta kwenye lori lake, ndani ya soksi, ndani ya gunia la maharage. Nikafuata mchoro wako hatua kwa hatua, nikaichomoa ile ya zamani, nikaipachika yako. Mjomba, iliruka! Wachezaji wa mpira wa mchezo wa kompyuta waliokuwa wanakimbia kama wamevaa magunia sasa wanachenga. Vijana wanaonilipa kucheza wakaja mpaka wa Bangwe. Nikajiona tajiri.

Dakika ya kumi na mbili, kioo kikageuka bluu, maandishi meupe yakajaa, kimya. Nikawasha tena, ikazimika tena, safari hii dakika ya nane. Vijana walipiga kelele, Baba akatoka ndani, kanzu ameivaa bega moja, kujua nani amekufa.

Unajua Baba Swaibu anakitamani hiki chumba cha mbele kwa magunia yake ya dagaa tangu siku niliponunua kompyuta mnadani. Sasa amepata sababu. Amenipa mpaka Idd. Idd Mosi nitafanya mashindano, na mechi ya fainali ichezwe mwanzo mpaka mwisho mbele ya macho yake. Ikizimika hata mara moja, kompyuta nje, dagaa ndani. Mjomba, nisaidie. Mimi sitaki kunuka dagaa ningali msichana.

Kibali chako cha kutoka kambini vipi? Bibi anauliza kila Ijumaa. Miaka sita sasa tangu vita vilipokutoa Bujumbura, na kutoka huko Kasulu mpaka hapa ni safari ya asubuhi moja.

Mpwa wako,
Asia


Kambini, Kasulu
2 Agosti 2002

Mpwa wangu Asia,

Marahaba, na amahoro, yaani amani, kwenu nyote. Barua yako imetumia siku kumi na tisa, na imefika inanuka maharage. Mimi ni mzima. Mvua hakuna, jirani yangu Gervasi amenunua jogoo asiyejua saa, basi usingizi ndio huo. Mwambie dada yangu Zainabu salamu zake hizi hapa, kwa jina lake, asije akasema.

Haya, tuje kwenye mashine. Kwanza nikuulize: nani amekwambia prosesa yangu ina kasoro? Hujaandika hivyo, lakini nimesoma katikati ya mistari. Prosesa ile ni nzima! Niliipima kwa mikono hii hii iliyotengeneza mashine za nusu ya Bujumbura. Mtaa wetu wa Buyenzi wote walikuwa wakisema, kitu kikipita kwa Khalfani kikashindikana, kizikeni.

Sasa nijibu. Ile dawa nyeupe niliyokutilia kwenye kifuniko cha kalamu, uliipaka juu ya prosesa kabla ya kufunga bati la kupozea? Ndiyo inayopitisha joto. Bila dawa ile, prosesa inaungua kama kitumbua kilichosahauliwa. Pili, feni inazunguka? Tatu, rudisha ile prosesa ya zamani, uone kama mashine inazimika. Usibadilishe kitu kingine chochote. Fundi mzuri hubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na fundi mbaya hubadilisha vyote halafu analaumu umeme.

Kuhusu kibali, afisa anayehusika amesafiri. Akirudi tutaona.

Mjomba wako,
Khalfani


Ujiji
19 Agosti 2002

Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima. Mama ameisoma salamu yake mara tatu, sasa anatembea kwa maringo. Bibi anakusalimu, anasema jogoo asiyejua saa anachinjwa.

Dawa nilipaka, kiasi cha punje ya mchele, kama ulivyochora. Nilikuwa na wasiwasi imepungua, Baba akaniletea chupa ya mawese. Wallahi! Anasema Kigoma hii hakuna kitu kilichowahi kukwama mawese yakashindwa: bawaba, baiskeli, kikohozi. Nilimfukuza kwa adabu. Feni inazunguka, inavuma hata Bibi anaisikia.

Nimerudisha prosesa ya zamani. Mjomba, usikasirike. Ilicheza kuanzia baada ya Adhuhuri mpaka Magharibi bila kukohoa. Polepole, ndiyo, kipa anaruka mpira ukishalala wavuni, lakini haikuzimika. Siku ya pili nikarudisha yako. Dakika ya kumi na mbili, bluu.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Alichukua hatua zake akapima chumba kutoka ukuta huu mpaka ule, akahesabu magunia kwa vidole.

Mimi sisemi prosesa yako ni mbovu. Nasema tu nilichokiona.

Afisa amerudi?

Asia


Kambini
11 Septemba 2002

Asia,

Marahaba. Hapa wazima, jogoo amechinjwa, mshukuru mama.

Nimesoma barua yako nikaiweka chini, nikaenda kuchota maji ambayo sikuyahitaji, nikarudi nikaisoma tena. Yewe! Prosesa yangu inazimika na ile konokono inafanya kazi! Sikubali. Watoto wa kambi hii wananiita Profesa. Nikishindwa na kijisahani cha ukubwa wa biskuti, nitaficha wapi uso?

Fanya hivi. Weka yangu. Fungua mfuniko wa kasha wote, iache mashine matumbo nje, cheza. Tazama inafika dakika ngapi. Kisha funga mfuniko, cheza tena. Andika yote mawili.

Na jambo jingine. Zamani mama alikuwa anaongeza mistari yake miwili chini ya barua, kwa mkono wake ule wa kupinda. Mwaka huu sijauona. Kwa nini haandiki?

Kibali bado. Afisa amerudi ila wino wa mhuri umekauka.

Khalfani


Ujiji
22 Septemba 2002

Mjomba,

Shikamoo, na pole na wino. Tunatafuta chupa moja tukutumie.

Nimefanya ulivyosema. Mfuniko wazi: imecheza saa tatu na nusu, Mjomba! Mechi kumi na moja! Vijana walichoka wao, kompyuta haikuchoka. Bibi ndiye aliyenuna. Yeye hushinda humu na kiti chake, anasikiliza magoli, na alisema kitu kukaa tumbo wazi mbele za watu si heshima, tena kitu chako. Basi nilipomaliza nikafunga mfuniko ili moyo wake utulie. Dakika ya kumi na mbili, bluu.

Sasa nimechanganyikiwa. Nikiiacha wazi mpaka Idd, mtoto mmoja atatia kidole kwenye feni na Baba atapata sababu ya pili.

Bibi haandiki kwa sababu mikono yake ina shughuli. Anakusalimu.

Asia


Kambini
10 Oktoba 2002

Asia mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, fundi wa Kasingirima,

Marahaba mara mia! Umenirudishia heshima. Wazi inacheza, ikifungwa inakufa. Ni joto! Prosesa ni nzima, nilisema! Nimemsimulia Gervasi, hakuelewa hata neno, lakini ameniamkia kwa heshima siku mbili mfululizo.

Yangu ina kasi mara mbili ya ile ya zamani, kwa hiyo ina joto zaidi, na joto hilo linakosa pa kutokea. Tazama matundu ya nyuma na ya ubavuni. Yana vumbi? Kasha limeegemea ukuta? Chukua kipande cha karatasi, kilete nyuma penye feni: kikisukumwa, hewa inatoka. Kikitulia, hapo ndipo adui alipo.

Ikiwa matundu ni safi, basi niandikie kila kitu kilichopo juu ya meza hiyo na pembeni yake. Kila kitu, usibakize. Au mwite mpiga picha akupigie picha nzuri, maana maneno yako siku hizi ni machache kuliko kawaida yako, na mimi nilikufahamu ukiwa hujui kunyamaza.

Mama ana shughuli gani ya mikono? Alikuwa akifuma vitambaa na kuandika kwa siku moja.

Juu ya kibali, wino wameupata lakini karatasi zimekwisha.

Khalfani


Ujiji
24 Oktoba 2002

Mjomba,

Shikamoo. Ramadhani inabisha hodi, Baba ameanza kupima chumba kwa kamba badala ya miguu.

Matundu nimeyatazama kwa tochi. Safi, mimi nafuta vumbi kila asubuhi. Kasha liko mbali na ukuta, hatua nzima. Karatasi niliileta nyuma, ikapeperuka mpaka kwenye kiti cha Bibi. Hewa inatoka.

Vilivyopo mezani: kasha lenyewe, kioo, kibodi, mausi, daftari la zamu za kuchezea, kikombe cha pipi za peremende, kalenda ya mwaka jana kwa sababu ya picha yake. Basi. Sijabakiza hata sindano.

Picha nakutumia. Nilimwita Feliksi aje na kamera. Nilimwambia apige meza tu, akasema yeye si mpiga picha wa meza. Akatutuma wote tukaoge. Baba amevaa koti, mimi ule mtandio wa kijani, Bibi kanga mpya. Kila mtu akasimama kando ya kompyuta kama tumemposea mke. Ukitazama kompyuta usitazame mtandio wangu, ulikuwa umepanda upande.

Mjomba, imebaki mwezi na kidogo tu. Ukiona adui yuko wapi, usingoje gunia la maharage, mpe hata mtu anayekuja kwa baiskeli.

Asia


Kambini
11 Novemba 2002

Asia,

Marahaba, na saumu njema. Barua hii inakuja na muuza vitunguu mpaka Kidahwe, na kutoka hapo Mungu anajua.

Niliifungua bahasha nikiwa nimekaa na watu. Nilitazama picha, nikacheka mpaka machozi yakanitoka, mtu mmoja akaniuliza kama nimepata habari za msiba. Asia! Kitu hicho cheupe kilicholifunika kasha lote mpaka kikagusa meza, mbele na nyuma, ni nini? Umenihesabia peremende, hukunihesabia kitambaa!

Najua, najua. Nani huhesabu kitambaa? Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, hata mtungi wa maji wa mama ulikuwa nacho. Kumbe umekuwa ukikiondoa unapofuta vumbi, unakiondoa unapotazama matundu, unakiondoa unapojaribu karatasi, halafu kinarudi. Mmeivalisha mashine blanketi kisha mnaishangaa inatoka jasho.

Lakini swali langu halijaisha. Mbona ile ya zamani haikuzimika? Nayo ilifunikwa?

Halafu nikaisogeza picha karibu na mwanga. Asia, kitambaa kile nakifahamu. Kina samaki wanne kwenye pembe, na mmoja hana mkia kwa sababu uzi ulimwishia mama. Alikifuma mwaka wa sabini na nne, wiki niliyokuwa navuka kwenda Bujumbura. Kilikuwa cha kufunikia redio niliyoapa kununua. Nilikisahau nyumbani kwa haraka ya boti, nikapaza sauti kutoka majini kwamba nitakifuata. Kimekaa wapi miaka yote hii?

Na swali la mwisho, unijibu bila peremende. Feliksi alikuwa amesimama mbele yenu. Wewe unamtazama yeye, Swaibu anamtazama yeye. Mama anatazama ukutani. Mama anatazama nini?

Leo sitasema kitu kuhusu kibali.

Khalfani


Ujiji
20 Novemba 2002

Mjomba wangu,

Shikamoo. Leo sina salamu za kuzungusha.

Nilimuuliza Bibi kuhusu kitambaa. Kilikuwa sandukuni mwake, kimekunjwa na karafuu. Ile kompyuta ilipokuwa na prosesa ya zamani hakuwa na habari nayo. Siku prosesa yako ilipofika, aliiomba aishike. Akaigeuzageuza kiganjani, akaniuliza, "Hiki kimetoka mkononi kwa mwanangu?" Nikasema ndiyo. Nilipokwisha kuipachika alikwenda sandukuni, akarudi na kitambaa, akafunika. Mimi niliona Bibi anafunika kitu, kama anavyofunika kila kitu. Sikufikiri.

Nikirudisha prosesa ya zamani, yeye anakikunja anakipakata, anasema, "Hicho si chetu." Nikiweka yako, anafunika. Ulipotaka mfuniko uwe wazi, hakuwa na pa kukiweka, ndiyo maana alinuna. Kwa hiyo kilichobadilika hakikuwa prosesa peke yake, Mjomba. Fundi mdogo alibadilisha kitu kimoja, na Bibi akabadilisha cha pili kimyakimya.

Nikamwambia kwamba kitambaa ndicho kinachoizima. Kisha akasema, "Kila siku mimi huweka mkono juu ya kitambaa. Kikipata joto nasema, kitu cha Khalfani kinapumua." Mama alitoka chumbani, na mimi nikatoka nyuma yake.

Macho ya Bibi, Mjomba, ni ukungu. Yalianza mwaka jana, sasa anatambua mwanga na kivuli, basi. Ndiyo maana haandiki wala hafumi tena. Alitukataza kukwambia, alituapisha mmoja mmoja. Alisema, "Akijua atakuja kwa huruma. Mimi nataka aje kwa hamu." Nimevunja kiapo, nitafunga siku tatu baada ya Ramadhani.

Kitambaa kimetolewa. Kompyuta imecheza saa nne, mfuniko umefungwa, na vijana kumi wamejazana chumbani, joto tupu. Baba alikuja kuhakikisha, akaomba kujaribu kidogo. Amefungwa saba bila na mtoto wa darasa la nne. Sasa anasema dagaa wanaweza kukaa uani, ila anataka zamu yake kila siku baada ya Tarawehe, na jina lake liandikwe daftarini kama la mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo nimeshinda. Nilidhani nitafurahi zaidi ya hivi. Bibi amekaa kwenye kiti chake na kitambaa mapajani, anampapasa yule samaki asiye na mkia. Haulizi kibali tena siku ya Ijumaa.

Asia


Kambini
30 Novemba 2002

Asia,

Marahaba. Msomee mama barua hii kwa sauti, na Swaibu aache kucheza asikilize.

Mama, afisa hakusafiri popote. Wino haukukauka, na karatasi zipo tele. Sijawahi kuomba kibali hata siku moja, miaka sita.

Niliondoka Ujiji nikikupigia kelele za redio. Nimerudi upande huu wa ziwa na ndoo moja na kadi ya mgao. Nikasema, bora mama abaki na yule wa kwenye boti. Ndio ujinga wangu wote, hauna zaidi. Naona aibu hata kuuandika. Hukuchoka kuniuliza, na mimi sikuchoka kusema uongo. Nisamehe.

Jumatatu nilikwenda kwenye dirisha la vibali nikajaza fomu. Ilinichukua muda mfupi kuliko kufunga skrubu nne. Nimepewa siku saba, kuanzia tarehe nne. Selestini anapita alfajiri, nitapanda juu ya magunia. Idd Mosi nitakuwa hapo, na nitacheza na Swaibu.

Asia, unaona niliyofanya? Nimekuandikia kurasa na kurasa kwamba prosesa yangu ni nzima, ni nzima, na mama yangu alikuwa anapapasa kasha apate joto la mtoto wake. Usijilaumu kwa kutohesabu kitambaa. Kiapo nacho usikifungie siku tatu, nitafunga mimi, maana mimi ndiye niliyekulazimisha.

Mama, kitambaa usikirudishe sandukuni. Redio sina, mama. Nakuja mwenyewe tu. Ukitaka kunifunika, nifunike, mimi sizimiki kwa joto.

Na usiazime miwani ya mtu kwa ajili yangu. Usihangaike kukodoa macho mlangoni. Kaa pale pale kwenye kiti chako.

Nitasogea karibu.

Khalfani wako